Nani Anajaza Mafuta?

Simama Mikumi mjini, mahali ambapo barabara kuu ya Iringa inapunguziwa kasi na matuta na njia ya Kidatu inachepuka kuelekea kusini, usome namba za magari. STK ni gari la serikali kuu. SM ni la halmashauri. SU ni la shirika la umma. DFP ni la mradi wa wafadhili. Yanayobaki, yenye herufi T na tarakimu tatu mwanzoni, ni ya watu na kampuni zao. Ukishasoma namba, tazama gari lililoibeba. Namba ya umma mara nyingi imekaa kwenye gari pana, refu, lenye vioo vya giza, na ndani yake yumo dereva na bosi mmoja. Namba ya mtu binafsi imekaa kwenye IST, Vitz, Passo, au Noah ambayo konda wake anaapa kwamba bado ina nafasi ya mmoja. Hakuna sheria iliyopanga hivyo. Kilichopanga ni swali ambalo kila gari hulijibu likifika kituo cha mafuta: nani analipa?

Naliweka swali hilo mbele kwa sababu mjadala wa dunia kuhusu ukubwa wa magari huanzia pengine. Husemwa kwamba Mmarekani anapenda gari kubwa kwa kuwa nchi yake ni kubwa na yeye mwenyewe ni mtu wa kujionyesha, na kwamba Mwitaliano na Mfaransa wanapenda gari dogo kwa kuwa ni watu wa kiasi, wenye miji ya kale na vichochoro. Maelezo hayo yanapendeza barazani, na yana punje ya ukweli. Mwaka 1957 Fiat walitoa gari lao la 500, lenye urefu usiofika mita 3 na injini ya cc 479. Miaka miwili baadaye Cadillac ya Marekani ilikuwa na urefu wa mita 5.7 hivi, Fiat mbili zikipangwa pua kwa mkia ziliizidi kidogo tu. Mtu akiyaona magari hayo mawili anaweza kudhani ameona roho za mataifa mawili.

Chungulia chini ya boneti, utakuta mambo ya kawaida kabisa. Italia ya 1957 ilikuwa bado inajikwamua kutoka vitani, na Fiat ile ndogo ilitengenezwa kwa mtu aliyekuwa anashuka kwenye pikipiki, akitafuta mahali pa kumweka mke na watoto mvua isiwanyeshee. Mini ya Uingereza, iliyobuniwa na Alec Issigonis na kuzinduliwa mwaka 1959, ilitokana na uhaba wa mafuta ulioletwa na mgogoro wa Mfereji wa Suez wa 1956. Waingereza hawakuamka asubuhi moja wakiwa na upole wa ghafla. Mafuta yalikuwa yamepungua, nao wakatengeneza gari la mtu anayehesabu lita.

Upande wa pili wa Atlantiki hapakuwa na haja ya kuhesabu. Hata leo kodi ya mafuta ya serikali ya shirikisho ya Marekani ni senti 18.4 kwa galoni, na haijapanda tangu 1993. Galoni moja ya Kimarekani ina karibu lita 3.8, kwa hiyo kodi hiyo haifiki senti 5 kwa lita. Umoja wa Ulaya, kwa upande wake, umeweka kima cha chini cha kodi ya petroli kuwa senti 35.9 za yuro kwa lita, na nchi nyingi zinatoza zaidi. Majimbo ya Marekani huongeza kodi zao, lakini pengo halizibiki. Ukimchukua Mfaransa mwenye kiasi ukampeleka Texas, ukamwuzia mafuta kwa bei ya Texas na kumpa maegesho ya bure, usishangae ukimkuta baada ya miaka michache anaendesha pikapu.

Na pikapu yenyewe ina kisa chake, ambacho ndani yake mna kuku. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 nchi za Soko la Pamoja la Ulaya ziliongeza ushuru kwa kuku walioingizwa kutoka Marekani, ili kuwalinda wafugaji wao. Rais Lyndon Johnson akalipiza kwa kuweka ushuru wa asilimia 25 kwa malori madogo yanayotoka nje, ulioanza kutumika mwaka 1964. Ugomvi wa kuku ulikwisha. Ushuru wa magari umebaki mpaka leo. Viwanda vya Marekani vikapata uwanja wa pikapu ambao mgeni hawezi kuuingia kwa urahisi. Kisha, baada ya msukosuko wa mafuta wa 1973, Bunge la Marekani lilipitisha mwaka 1975 sheria ya kupunguza ulaji wa mafuta, lakini magari yaliyohesabiwa kuwa malori madogo yakapewa masharti mepesi kuliko saluni. Mwenye kiwanda alihitaji kujua hesabu ya darasa la nne tu ili aone faida iko wapi. Ndiyo maana mwaka 2018 Ford walitangaza kwamba wangeacha kuuza takribani saluni zao zote Amerika Kaskazini.

Kwa hiyo kile tunachokiita mapenzi ya Mmarekani kwa gari kubwa kimemwagiliwa na serikali yake kwa miaka mingi. Mapenzi yapo, sikatai. Ila gharama za mapenzi hayo zimetawanywa kwa wengine: kwa mtembea kwa miguu anayekutana na boneti inayomfika kifuani, kwa mwenye gari dogo anayegongwa nalo, na kwa hewa ambayo sote tunaivuta. Wakazi wa Paris walipopiga kura Februari 2024 na kukubali kuongeza mara tatu ada ya kuegesha magari mazito ya wageni, walikuwa wanajaribu kuirudisha gharama hiyo kwa mwenyewe. Waliojitokeza kupiga kura hawakufika asilimia 6 ya wenye haki. Na Ulaya yenyewe sasa imeanza kunenepa. Zaidi ya nusu ya magari mapya yanayouzwa huko ni ya umbo la juu na pana. Kipato kimepanda, mikopo ya magari imekuwa rahisi, magari ya kampuni yamekuwa mengi, na ile tabia ya kiasi iliyosifiwa sana imeyeyuka mbele ya macho yetu.

Turudi kwenye lami yetu, maana hii ya Mikumi imeuona ulimwengu wote ukipita. Ian Smith alipojitangazia uhuru wa Rhodesia tarehe 11 Novemba 1965, Zambia ilipoteza njia yake ya mafuta upande wa kusini. Mafuta yakaanza kubebwa kwa malori kutoka Dar es Salaam, yakipita Morogoro, Mikumi na Iringa hadi mpakani, kwenye barabara ya vumbi wakati wa kiangazi na ya tope wakati wa masika. Madereva waliifananisha na njia ya jehanamu, na wengi hawakurudi. Mwaka 1966 serikali za Tanzania na Zambia zikaunda kampuni ya pamoja ya malori na Waitaliano, na Fiat nzito zikajaa barabarani. Mwaka 1968 bomba la mafuta la TAZAMA likaanza kupeleka mafuta Ndola. Kati ya 1970 na 1975 Wachina wakajenga reli ya TAZARA, kilomita 1,860. Barabara nayo ikawekwa lami, na Marekani ikiwa miongoni mwa waliotoa fedha.

Hapo pana kejeli ambayo hunifurahisha. Mmarekani alichangia barabara, lakini gari lake halikuja kuikanyaga. Usukani wake uko kushoto, tangi lake lina kiu, spea zake ziko ng'ambo ya bahari. Waliofika ni Peugeot ya Mfaransa, Land Rover ya Mwingereza, Scania ya Mswidi iliyowahi kuunganishwa Kibaha kwenye kiwanda cha TAMCO, na hatimaye Mjapani, ambaye anaendesha upande wa kushoto wa barabara kama sisi na huyauza magari yake yaliyotumika kwa bei ambayo mwalimu anaweza kuiota bila kuonekana mwendawazimu.

Gari la Mjapani lenyewe limebeba ubishi wa Marekani na Ulaya ndani yake. Vitz ilitoka mwaka 1999. Umbo lake lilichorwa na Mgiriki, Sotiris Kovos, katika studio ya Toyota barani Ulaya, na huko iliuzwa kwa jina la Yaris, ikachaguliwa kuwa Gari la Mwaka la Ulaya kwa mwaka 2000. Mdogo wake, IST, alipelekwa Marekani kwa jina la Scion xA. Wamarekani walimtazama, wakampita, na mwaka 2016 Toyota wakaifunga chapa nzima ya Scion. Gari hilohilo ambalo Mmarekani aliliona dogo mno kwa maisha yake, kwetu ni gari la harusi, la msiba, la kupeleka mtoto bweni na magunia mawili ya mchele kwenye buti. Mafundi hulinyanyua kwa spesa ili tumbo lisikwaruze, mwenye gari hulibandika aya au jina la mtoto kwenye kioo cha nyuma, na maisha yanaendelea.

Watanzania hatukulichagua gari dogo kwa kuwa tuna hulka ya Kiitaliano. Tulilichagua kwa sababu kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, hutangaza bei kikomo za mafuta, na mtu anayelipa kwa mfuko wake huisikia Jumatano hiyo tumboni. Ushuru wa bidhaa nao unasukuma upande huohuo: injini isiyozidi cc 1,000 haitozwi, ya kati ya 1,000 na 2,000 hutozwa asilimia 5, na inayozidi hapo asilimia 10. Mwaka 2017 serikali ilifuta ada ya mwaka ya leseni ya gari, ambayo ilikuwa inapanda kwa ukubwa wa injini, na badala yake ikaongeza kodi kwenye lita ya mafuta. Tangu hapo anayekula mafuta mengi analipa zaidi, na anayeliacha gari chini ya mwembe halipi. Ni sera nzuri, lakini ina tundu moja kubwa: haimgusi mtu ambaye mafuta yake yanalipwa na wengine.

Mtetezi wa shangingi, lile gari pana la bosi, atanijibu hapa kwa jina moja: Kilosa. Ana haki ya kujibu. Wilaya hii ina wanyama na lami upande wa Mikumi, lakini ina pia Milima ya Rubeho, mito inayovimba usiku, na vijiji ambavyo masika huvikata kama kisu. Mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 Mto Mkondoa ulifurika, ukawaondoa maelfu ya watu majumbani mwao na kuzoa reli ya kati upande wa Gulwe. Njia ya kutoka Kilosa kwenda Mikumi kupitia Masanze na Ulaya (ndiyo, kata inaitwa hivyo, na msafiri wa Kilosa hufika Ulaya bila viza) kwa miaka mingi imekuwa ya udongo na changarawe. Mama mjamzito akizidiwa kwenye kijiji cha mlimani, sitaki kusikia habari za Vitz. Nataka hadtop ya zahanati yenye tairi zenye meno na dereva anayeijua njia.

Lakini tazama kile ambacho njia mbovu inakidai hasa. Inadai tumbo la gari liwe juu, springi ziwe ngumu, na fundi awe karibu. Haidai viti vya ngozi, wala injini ya mitungi minane. Mashindano ya magari ya Safari ya Afrika Mashariki, yaliyoanza mwaka 1953 na kupita Kenya, Uganda na Tanganyika, yalitoa somo hilo zamani. Mwaka 1963 magari 84 yalianza na 7 tu ndiyo yaliyomaliza. Mshindi alikuwa Peugeot 404, saluni ya Kifaransa ya mtu wa kawaida. Peugeot hiyohiyo ikashinda tena 1966 na 1967 mikononi mwa Bert Shankland, aliyekuwa mkazi wa Tanzania. Tope la masika halikumwuliza mtu upana wa gari lake. Kwa hiyo hadtop ya zahanati naitetea kwa nguvu zote, na kwa nguvu hizohizo nakataa itumike kuwa kinga ya V8 ambayo wiki nzima inakwenda Dodoma na kurudi kwenye lami.

Hoja ya pili ya mtetezi ni usalama: gari kubwa hulinda maisha ya kiongozi. Marekani hoja hiyo ina mantiki chungu. Katika barabara iliyojaa magari madogo, mwenye tani tatu huwatishia wenye tani moja, kisha wao nao wanakwenda kununua la tani tatu, na mashindano hayana mwisho. Barabara ya Mikumi imeshaifuta hoja hiyo. Lori la mizigo linaloruhusiwa na sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kupita mizani linafika tani 56. Mbele ya tani 56, tani moja na tani tatu ni ndugu. Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyotangazwa mwaka 1964 na kupitiwa na barabara kuu kwa karibu kilomita 50, nyati akiingia barabarani usiku haulizi gari limetoka wizara gani. Kinachookoa maisha pale ni mwendo: vibao, matuta, na dereva asiyeambiwa na bosi wake aongeze kasi kwa sababu kikao kinaanza saa nne.

Mizani hiyo inanikumbusha jambo jingine la hesabu. Majaribio makubwa yaliyofanywa na wahandisi wa Marekani katika jimbo la Illinois kati ya 1958 na 1960 yalionyesha kwamba uharibifu wa lami huongezeka kwa takribani kipeo cha nne cha uzito wa ekseli. Ekseli ya tani 10, kwa kipimo hicho, huiumiza barabara kama ekseli 160,000 za nusu tani, yaani za gari dogo kama Vitz. Kwa lami ya Mikumi, basi, shangingi na IST wote ni wepesi, na mzigo wa kweli uko kwenye semitrela. Sitamsingizia bosi wa V8 mashimo ambayo hakuyachimba. Deni lake liko kwenye mafuta, kwenye spea na kwenye bei ya kununulia gari, na deni hilo linatosha.

Afrika Mashariki si mgeni wa ugomvi huu wa magari ya viongozi. Baada ya uhuru wananchi waliwapa viongozi wapenda anasa jina la Wabenzi, na Azimio la Arusha la 1967 lilijaribu kuwazuia viongozi wasijitenge na maisha ya wanaowaongoza. Miongo minne baadaye Waziri Mkuu Mizengo Pinda alisema hadharani kwamba serikali iachane na mashangingi ya bei mbaya. Kenya, katika bajeti ya Juni 2009, Waziri wa Fedha Uhuru Kenyatta aliweka ukomo wa cc 1,800 kwa magari ya mawaziri, na serikali ikanunua Volkswagen Passat 120. Mawaziri kadhaa walivuta miguu kurudisha yale makubwa. Rwanda walikwenda mbali zaidi katikati ya miaka ya 2000: waliyakusanya magari ya serikali, wakayauza kwa mnada, na kuweka utaratibu wa kumsaidia afisa anunue gari liwe lake.

Linganisha njia za Kenya na Rwanda. Kenya ilibadilisha gari, lakini mlipaji akabaki yuleyule. Afisa aliyepewa Passat aliona kuwa ameshushwa cheo, akangoja upepo ugeuke. Rwanda iligusa mfuko: gari likawa la afisa, mkopo wake, tairi zake, mikwaruzo yake. Mtu wa namna hiyo hahitaji mahubiri ya kubana matumizi. Atachagua injini kwa uangalifu uleule wa mwalimu wa Kimamba anayetafuta Passo ya mkono wa pili. Tofauti tunayoiita ya Marekani na Ulaya iko ndani ya kila taifa, na wakati mwingine iko ndani ya mtu mmoja: mchana anaendeshwa kwenye gari la shamba la bibi, jioni anaendesha IST yake mwenyewe na kuzima kiyoyozi akipanda mlima ili asimalize mafuta.

Siuchukii ukubwa. Basi la Kilosa ni kubwa kuliko shangingi lolote, lakini gawanya mafuta yake kwa abiria na vifurushi vyao, uone kila mtu anabeba lita ngapi. Treni ya umeme inayopita kwenye mahandaki ya Kilosa tangu safari za Dar es Salaam na Dodoma zilipoanza mwaka 2024 ni kubwa kuliko vyote, na imempunguzia mtumishi yeyote sababu ya kwenda makao makuu kwa gari. Kipimo cha haki ni ukubwa ukigawanywa kwa vichwa, kisha ukilinganishwa na njia. Hadtop yenye mgonjwa, muuguzi na ndugu wawili inafaulu mtihani huo. V8 yenye mtu mmoja na gazeti haifaulu.

Kwa hiyo ombi langu kwa madiwani wa Kilosa, na wa wilaya nyingine yoyote, ni jepesi kutekeleza. Bajeti ya magari ikiletwa, ulizeni gari linakwenda wapi na litabeba watu wangapi kabla ya kuuliza ni la nani. La kwenda milimani lipewe tumbo la juu. La kwenda Morogoro mjini kwenye lami liwe saluni. Anayekwenda Dodoma apande treni. Kisha kila robo mwaka ubao wa matangazo wa halmashauri ubandikwe orodha ya magari ya umma, namba kwa namba, na lita zilizotumiwa na kila moja. Wananchi ndio wanaojaza mafuta hayo. Wana haki ya kuona risiti.